Sauti Zilizopoteza Tarehe

Watoto walimwita Mwalimu Sauti, wazazi wakafuata, na mwishowe hata yeye akipokea simu alijibu hivyo hivyo: "Mwalimu Sauti hapa." Alikuwa mama wa makamo, mfupi, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, na kazi yake ilikuwa kufundisha watoto kusema. Si kusema uongo, alipenda kutania. Huo watajifunza wenyewe bila ada. Wanafunzi wake walikuwa watoto ambao maneno yamewakwama: wenye kigugumizi, waliochelewa, waliougua wakasahau, na wale ambao kila daktari aliwatazama, akakuna kichwa, akasema wape muda.

Kituo chake kilikuwa vyumba viwili vya ghorofani, juu ya karakana ya wachomeleaji. Kodi ilikuwa nafuu, na sababu ya unafuu wenyewe ilisikika tangu ngazini. Kuta za chumba cha ndani alizibandika vipande vya magodoro ya zamani, lakini jiwe la kukatia chuma lilipoanza kuzunguka kule chini, neno la mtoto lilikufa kabla halijatoka mdomoni. Ndipo akatafuta mpini wa ufagio. Akitaka kurekodi, alibisha sakafuni, na wachomeleaji wakazima mashine, wakaketi juu ya mabomba, wakapiga soga kwa kunong'ona mpaka abishe tena. Walijigamba mtaani kwamba nao ni walimu. "Yeye anafundisha kusema," walisema, "sisi tunafundisha kunyamaza. Na somo letu ndilo gumu."

Kila mtoto alirekodiwa kila alipokuja. Mwalimu Sauti hakuwa mtu wa kuandika sana; aliamini sikio. Kinasa sauti chake kidogo kilikaa mezani katikati ya vibao vya picha, na jioni alihamisha sauti kwenye kompyuta, kila mtoto na folda yake. Tarehe hakujisumbua nayo. Kompyuta iliiweka yenyewe, sauti zikajipanga zenyewe, ya zamani juu, ya karibuni chini. Mzazi akiuliza, "Mwalimu, kuna maendeleo kweli?" alimsikilizisha ya mwanzo, kisha ya leo, na mara nyingi hakuhitaji kuongeza neno.

Halafu ile kompyuta ikafa. Haikuugua wala kukohoa. Asubuhi moja aliiwasha, ikatoa mlio mmoja kama mtu aliyekanyagwa kidole, ikanyamaza.

Fundi wa kompyuta alikuwa dada mmoja mwenye kibanda karibu na kituo cha mafuta, mkali wa maneno lakini mwenye mikono ya upole. Aliitoa diski, akahangaika nayo, na baada ya siku kadhaa akampigia simu Mwalimu.

"Nimekuokolea watoto wako, lakini njoo kwanza tuongee. Nakala ya akiba ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa naifikiria."

"Haya. Kufikiria hakuokoi faili." Akamgeuzia kioo. "Folda zimepona na sauti zimepona. Majina ya faili yamepotea, haya manamba marefu ni ya programu ya kuokolea. Na tarehe, tazama."

Mwalimu Sauti akavaa miwani. Kila faili, kuanzia ya juu mpaka ya chini, ilikuwa na tarehe moja: siku ile fundi alipoiokoa. Watoto wote wa miaka yote, kwa hesabu ya kompyuta, walikuwa wamesema maneno yao yote siku moja. Neno la kwanza na neno la mwisho la mtoto vilikaa pamoja, vimechanganyika kama nguo za kufuliwa.

"Hizi tarehe haziwezi kurudishwa?"

"Zinaweza kubadilishwa. Kuna programu za kazi hiyo. Faili moja moja hata bila programu utaweza, ila wewe una maelfu. Utazeeka."

"Nimeshaanza."

"Basi usiongeze kasi. Ipo programu kubwa, nzuri kweli, lakini unailipia kila mwezi."

"Kila mwezi? Mimi nataka kubadilisha tarehe mara moja, sitaki kuolewa nayo!"

Fundi akacheka, akavuta droo, akatoa flashi. "Hiyo hiyo ninayo hapa. Imevunjwa kufuli. Kwako bure."

Mwalimu Sauti aliitazama ile flashi, na si uongo kwamba moyo ulimwenda. Lakini akafikiria jinsi wazazi walivyomwachia sauti za watoto wao, vilio vyao na aibu zao, akaona haiwezekani kumkaribisha mwizi kwenye nyumba hiyo, hata kama kaja na zawadi. "Rahisi huvunja upishi, mwanangu," alisema. "Nitatafuta mwenyewe."

Jumamosi mchana alikaa mezani nyumbani na kompyuta iliyokwisha kutengenezwa, mume wake kando akimenya karanga. Mume huyo alikuwa mpima ardhi aliyestaafu, mtu wa maneno machache ambaye bado alitembea kwa hatua zilizolingana kana kwamba ana kamba mkononi. Walitafuta pamoja. Programu ya kwanza ilikuwa ya bure, na ikakubali faili chache tu kwa mkupuo, kisha ikaomba pesa kwa adabu. Ya pili iliomba pesa bila adabu. Ya tatu ilijaza kioo matangazo ya dawa za upara, na mume, ambaye kichwa chake kiling'aa tangu ujanani, akaguna, "Hii inanijua."

Ya nne ilikuwa na ukurasa mbaya, wa rangi ya uji uliopoa, uliotengenezwa na mtu mmoja asiyejua kupamba. Lakini alieleza kwa lugha nyepesi. Programu yake inachukua folda nzima pamoja na folda zilizomo ndani. Inaweza kuzipa faili tarehe unayotaka. Inaweza kuzisogeza zote mbele au nyuma kwa muda unaotaja. Inakuonyesha matokeo kabla hujathibitisha, na ukijuta, kuna kitufe cha kutendua. Unailipia mara moja, yako daima, kwa bei ya kuku mmoja, tena kuku asiye mnono. Na kabla ya kulipa unaruhusiwa kuijaribu wiki nzima.

"Mtu huyu ni mwaminifu," alisema mume.

"Umemjuaje?"

"Anakuonyesha kabla hajakata."

Wakaipakua.

Folda ya kwanza aliyoifungua ilikuwa ya mtoto aliyeitwa Chiriku. Alikuwa na sababu. Chiriku alikuwa binti wa miaka sita, na jina hilo alipewa na bibi yake mzaa mama kwa vile utotoni alilialia na kubwabwaja kutwa kama ndege. Mama yake alifariki Chiriku akitambaa, bibi akahamia nyumbani kwa mkwewe kumlea, na ulipofika wakati wa maneno kuja, hayakuja. Masikio yalipimwa yakaonekana mazima, na ulimi haukuwa na kasoro. Sasa alikuwa amekuja kituoni karibu miaka miwili, na baba yake, fundi wa magari, alikuwa ametuma ujumbe: mwisho wa mwezi atakuja mwenyewe, wazungumze. Mwalimu Sauti alizijua jumbe za namna hiyo. Mzazi anayekuja kuendelea hapigi hodi mapema.

Kwa hiyo alitaka folda hiyo iwe tayari. Siku mbili alisikiliza. Sauti nyingine zilikuwa pumzi tu na kiti kikikwaruza. Nyingine zilikuwa "m... m..." ya mtu anayesukuma mlango uliofungwa kwa ndani. Nyingine "maji," safi kabisa. Na kulikuwa na chache za ajabu, mtoto akisema maneno mawili, hata matatu. Alizipanga kwa sikio: dhaifu mwanzo, nzuri mwisho. Akaiagiza programu iziwekee tarehe, wiki kwa wiki, kuanzia wiki Chiriku alipoanza hadi wiki iliyopita. Programu ikatii.

Ikawa ngazi nzuri mno. Ukisikiliza kutoka juu mpaka chini, ulimsikia mtoto akipanda, kipandio baada ya kipandio, kutoka pumzi hadi sentensi. Mwalimu Sauti aliisikiliza mara ya pili kwa raha tupu. Akamwita mume.

"Sikia. Huyu ndiye ambaye baba yake anataka kumwachisha."

Mume akasikiliza amefumba macho. Walipofika zile za mwisho, akafumbua. "Huo mlio ni wa nini? Tki, tki, tki. Nyuma ya mtoto."

"Sindano za kufumia. Bibi yake alikuwa anakaa pembeni akifuma..."

Hakumaliza. Bibi yake Chiriku hakuwa amekanyaga kituoni kwa karibu mwaka mzima. Amesafiri, ndivyo baba alivyosema, na tangu hapo mtoto aliletwa na jirani. Sauti zenye sindano haziwezi kuwa za mwezi uliopita.

Aliondoa miwani. "Nimekosea moja mbili," alisema.

"Zenye sindano ni ngapi?"

Akarudi kuzitazama. Ni zile nzuri. Zote nzuri.

Kumbukumbu, kama kitambaa kibichi, hunyooka kuelekea unakoivuta, na Mwalimu Sauti aliona jinsi alivyoivuta ya kwake. Alikuwa na watoto wengi. Alikumbuka kwamba Chiriku aliwahi kusema vizuri, na moyo wake ukaliweka jambo hilo "juzijuzi" kwa sababu ndiko alikotaka liwe. Alijua pia, na hili ndilo lililomkera zaidi, kwamba hakuna mtu duniani ambaye angegundua. Tarehe zilikuwa pale, zimekaa sawasawa kama askari. Baba angesikia ngazi, angefurahi, mtoto angebaki. Mtu angeweza hata kusema ni uongo wa heri.

"Niache hivi?" aliuliza, nusu kwa mzaha.

Mume akachagua karanga, akaimenya polepole. "Sisi wapima, mpaka wa ardhi ukipotea," alisema, "hatumwulizi mwenye shamba angependa upite wapi. Tunatafuta jiwe. Wewe huna jiwe?"

Akabonyeza kitufe cha kutendua. Ngazi ikayeyuka, tarehe zikarudi kuwa siku moja.

Jiwe lilikuwepo, ila alikuwa hajui pa kuchimba. Katika pembe ya ile programu kulikuwa na kijisanduku alichokuwa amekiruka: *onyesha tarehe iliyoandikwa ndani ya faili*. Alipokibofya, safu mpya ikatokea kando ya ile ya zamani. Kumbe kinasa sauti, kila kilipoanza kurekodi, kilichora tarehe yake ndani ya sauti yenyewe, mahali ambapo kifo cha kompyuta hakikufika. Alipiga kelele ya furaha, kisha akasoma vizuri, furaha ikapoa. Tarehe zilitofautiana, ndiyo, lakini zote zilikuwa za miaka ya nyuma sana, wakati kituo hakipo na Chiriku hajazaliwa.

"Saa mbovu," alisema kwa uchungu.

"Ngoja. Imesimama?"

"Hapana, inatembea. Wiki kwa wiki, sawasawa. Ila mwaka si wenyewe."

"Basi si mbovu. Hukuiweka sawa uliponunua. Imetembea vizuri ila ilianzia mahali pasipo pake." Mume alikuwa ameshasimama, mambo ya namna hii yalimrudishia ujana. "Nitafutie siku moja unayoijua kwa hakika. Moja tu."

Alifikiri. Kisha akaingia folda nyingine, akatafutatafuta, mpaka akapata sauti ya kundi zima la watoto wakimwimbia siku yake ya kuzaliwa, mmoja akichelewa kila neno na mchomeleaji mmoja akiitikia kutoka chini kwa besi. Hakukuwa na ubishi ile ni siku gani. Wakatoa tarehe ya ndani kwenye tarehe ya kweli, wakapata tofauti: miaka kadhaa, miezi na siku zake.

"Sasa jiwe la pili," alisema mume. "Jiwe moja linaweza kuwa limehamishwa na mbuzi."

La pili lilikuwa siku ya dhoruba iliyong'oa mabati ya ghala la jirani; kinasa kilikuwa kimewashwa, na sauti ya bati likipaa ilisikika wazi, pamoja na ya Mwalimu mwenyewe akipiga yowe lisilo la kitaaluma. Tofauti ikawa ile ile. Ndipo akalipa bei ya kuku. Akaandika tofauti hiyo kwenye kisanduku cha kusogeza mbele, akachagua folda zote, akatazama onyesho, akatazama tena, akathibitisha. Mstari wa kijani ukatambaa, ukafika. Maelfu ya sauti yakarudi kila moja siku yake, na chai ilikuwa bado inafuka.

Hapo akafungua folda ya Chiriku na kuisikiliza tena, safari hii jinsi ilivyotokea. Mume aliona uso wake ukibadilika, akainuka kwenda kumwagilia maua ambayo alikuwa ameshayamwagilia.

Baba Chiriku alikuja siku ya miadi, akiwa amenawa mikono mpaka viwikoni lakini grisi imebaki kwenye mistari ya viganja. Alikuwa mtu mkubwa, na viti vya kituo vilikuwa vya watoto, kwa hiyo magoti yake yalifika karibu na kifua. Chiriku alibaki chumba cha nje akipanga vibao vya rangi.

"Mwalimu," alianza, "nimekuja tuelewane kama watu wazima. Usidhani ni ada. Ada natafuta, napata. Nimechoka kumwambia mtoto kila wiki tunakwenda kujifunza kusema, halafu hasemi. Naona kama namdanganya. Karibu miaka miwili, Mwalimu, na hakuna hatua hata moja."

"Kuna hatua," alisema Mwalimu Sauti, "lakini si kama unavyofikiri, wala si kama nilivyofikiri mimi. Naomba usikilize kwanza, halafu uamue. Uamuzi wowote sitakuzuia."

Akachukua ule mpini, akabisha sakafuni. Chini kukawa kimya.

Sauti za kwanza zilikuwa pumzi, kiti, na "m... m...". Nyuma yake, tki, tki, tki. Baba akatikisa kichwa, hizo alizijua. Ikafuata "ma." Wiki nyingine, "maji." Kisha, "Bibi, maji." Baba akainua uso. Zikapita nyingine kadhaa, mtoto akicheka, akitaja mlango, akitaja mpira. Halafu ikaja ile ambayo Mwalimu Sauti alikuwa ameisikiliza hadi akaikariri: kitu kidogo kikidondoka na kubingirika, na sauti nyembamba, iliyokereka kidogo kama ya mtu mzima, ikisema, "Bibi, uzi umeanguka."

"Rudisha," alisema baba.

Akarudisha.

"Huyu ni mwanangu?"

"Ni yeye. Mwaka jana."

"Mama mkwe aliniambia. Alisema, 'Anasema, anasema sentensi.' Mimi natoka gereji mtoto kalala, naondoka kabla hajaamka. Nikadhani ni sifa za bibi kwa mjukuu." Akafuta midomo kwa kiganja. "Endelea."

Mwalimu aliendelea, ingawa angependa kuishia pale. Wiki iliyofuata sindano hazikusikika. Mtoto alisema "maji" mara moja, polepole. Wiki iliyofuata, "ma." Kisha ikaja sauti ndefu ambamo Mwalimu anasikika akibembeleza, akionyesha kibao hiki na kile, na mtoto hajibu, halafu nyingine ya kilio, halafu nyingi mfululizo zisizo na kitu, pumzi na kiti, kama za mwanzo kabisa. Mwishoni, katika zile za miezi ya karibuni, kulikuwa na mnong'ono: "maji." Ungeweza kuuchukua ukauweka kando ya ule wa kwanza na usijue upi ni upi.

Baba Chiriku akauliza, "Hapo anaponyamaza ni mwezi gani?"

Mwalimu akamwonyesha tarehe.

"Ni wiki ile niliyompeleka mama mkwe kwa shemeji yangu."

"Uliniambia amesafiri."

"Alisafiri. Mimi ndiye niliyemsafirisha."

Mwalimu Sauti alimtazama. "Mligombana?"

"Hatukugombana. Ni kwa ajili yako." Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayeeleza njia. "Siku ya kwanza nilipokuja naye hapa, mtoto alinyoosha kidole kwenye kibao, na mama akasema, 'Anataka mpira.' Ukamwambia, 'Bibi, usimsemee. Mwache aseme mwenyewe.' Nikalichukua neno hilo. Nyumbani nikaanza kutazama. Kweli, mtoto ananyoosha kidole, bibi anataja. Mtoto anafungua mdomo, bibi keshamaliza. Nikasema moyoni, huyu mama anamfungia mwanangu mdomo kwa mapenzi. Nilivumilia miezi, halafu nikamwomba kwa heshima aende akapumzike kwa mwanawe. Alilia. Nilidhani natibu, Mwalimu. Wallahi nilidhani natibu."

Maneno yale, "usimsemee, mwache aseme mwenyewe," Mwalimu Sauti aliwaambia walezi wote, siku ya kwanza, baada ya "karibuni" na kabla ya "chooni ni mlango wa kushoto." Hayakuwa maneno mabaya. Kwa watoto wengi yalikuwa kweli. Lakini hakuwahi kuuliza yanafika nyumbani yakiwa na sura gani. Aliona aibu, na akili yake ya kikazi ikakimbilia kutafuta mlango wa kutokea: hakumwambia amwondoe, hakujua, angejuaje. Aliiacha ikimbie mpaka ikachoka.

"Nisikilize, Baba Chiriku," alisema hatimaye. "Sijui kwa hakika kwamba kuondoka kwa bibi ndiko kulikomnyamazisha. Watoto hurudi nyuma kwa sababu nyingi, nyingine hatuzijui kamwe. Ninachojua ni mfuatano. Kabla, alikuwa anasema. Baada, akaacha. Na mimi nilikuwepo wiki zote hizo, nikamwona akishuka, sikuuliza nyumbani kumetokea nini. Wewe ulikosea kwa neno langu. Mimi nilikosea kwa kulisema na kuliacha."

"Kwa hiyo sasa?"

"Sasa nadhani tusitafute nani wa kulaumiwa, maana tutakaa hapa mpaka wachomeleaji wafilisike."

Kama waliosikia, chini mtu alikohoa kwa makusudi. Baba Chiriku akacheka ghafla, kicheko kifupi kilichomshtua yeye mwenyewe, na baada yake akafunika uso kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo.

Kumrudisha bibi hakukuwa kazi ya siku moja. Baba alipompigia simu, alimjibu, "Mimi si kiti, nihamishwe leo huku kesho kule," akakata. Alipomfuata, alipokelewa kwa chakula lakini bila maongezi, jambo ambalo wakwe wanalijua kuwa adhabu kamili. Mara ya pili alikwenda na simu yake mkononi, ndani yake sauti moja aliyomwomba Mwalimu amtumie. Aliiweka mezani, akaichezesha. Bibi alisikiliza uzi ukianguka na mjukuu wake akimwambia kwamba umeanguka. "Ndiyo," alisema. "Ulibingirika chini ya kabati." Kisha akakubali kwa masharti yake: atakuja kituoni, siku ya somo tu. Nyumbani kwa mtu aliyemtoa halali kwanza.

Akaja. Chiriku alimwona mlangoni, akageuka, akaendelea kupanga vibao kana kwamba aliyeingia ni fundi bomba. Wiki tatu nne alifanya hivyo, akiwa amempa bibi yake mgongo. Mwalimu Sauti aliwaambia waache. Bibi aliketi pembeni akifuma, na kwa kuwa safari hii alikuwa ameelezwa vizuri nini maana ya kutomsemea mtoto, aling'ata ulimi wake kiasi kwamba, alisema, angehitaji kufundishwa kusema yeye.

Jumatano moja, Mwalimu alipokuwa akitafuta betri kwenye droo, bibi alisimamisha sindano kidogo. Chiriku alikuwa amesogea karibu bila mtu kuona. Aliangalia mikono ya bibi kwa muda, akakunja uso.

"Umeruka," alisema.

"Nimeruka wapi?"

"Hapo. Moja. Bibi, umeruka moja."

Bibi akafumua mstari mzima, ingawa baadaye alikiri hakuwa ameruka kitu. Kinasa kilikuwa hakina betri, kwa hiyo maneno hayo hayakurekodiwa popote.

Haikuwa ngazi kutoka pale. Kulikuwa na wiki nzuri na wiki za kiti na pumzi. Miezi ikapita, bibi akarudi kulala nyumbani, kwanza usiku mmoja, kisha sanduku lake likafuata bila kutangazwa. Baba alianza kufunga gereji mapema siku moja kwa wiki, akamleta mtoto mwenyewe, akajikunja kwenye kiti kile kile kidogo. Chiriku alipoanza shule alianza na maneno machache kuliko wenzake, ila yaliyotosha kumwambia mtoto aliyemchukulia kalamu kwamba airudishe.

Mwalimu Sauti aliweka saa ya kinasa sawa, akanunua diski ya akiba, na fundi dada akampongeza kwa kusema, "Hatimaye." Lakini kazi iliyomshika zaidi ilikuwa folda nyingine. Taratibu, mchana baada ya mchana, alizipitia zote katika mfuatano wake wa kweli, za watoto waliokwisha kuhitimu, za walioacha. Alitegemea ngazi, alikuta vilima. Karibu kila mtoto alikuwa na mahali aliposhuka, na katika nyingi ya sehemu hizo hakukumbuka kuuliza chochote. Wawili watatu, alijua sasa, aliwaacha waondoke wakiwa bondeni. Aliwapigia simu wazazi wao. Mmoja alikuwa amebadili nambari. Mmoja alimwambia mtoto anasema siku hizi mpaka anawachosha. Mmoja aliuliza kama nafasi bado ipo.

Maneno yake ya siku ya kwanza aliyabadilisha. Bado aliwaambia walezi wasimsemee mtoto, lakini alikaa akawaeleza mpaka wao wamweleze yeye, na kila mwezi aliuliza nyumbani kuna nani na nani hayupo. Wengine waliona ni umbea. Aliwaacha waone hivyo.

Na alianza desturi moja zaidi, kwa vile sasa hakuiamini saa yoyote peke yake. Kabla ya somo, kinasa kikishawashwa, aliitaja siku kwa sauti. Ilikuwa kwa ajili yake tu. Asubuhi moja alikuwa na mwanafunzi mgeni, mtoto wa miaka minne aliyekuwa hajatoa sauti tangu aingie, amejibanza kwenye nguo za mama yake. Mwalimu Sauti alibisha sakafuni, akainamia kinasa, akasema, "Leo ni Jumatano."

"Tano," alisema mtoto kutoka ndani ya nguo.

Mama yake akageuka kwa mshtuko, mdomo wazi, tayari kusema kitu. Mwalimu Sauti aliinua kidole taratibu, akasubiri.